SOMO: Kuunda vipande vya plastiki kwa presha ya hewa

Wakuu, wengi mnaijua ile ya vakyumu tupu, unapasha moto shiti (bapa la plastiki), unanyonya hewa chini yake basi. Shida yake kinachosukuma shiti ni hewa ya kawaida tu, haizidi bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Hapa tunaongezea hewa ya kompresa kwa juu, bar 3 mpaka 5, ndo maana kona zinatoka kali na hata maandishi madogo ya kwenye moldi (kalibu inayoipa plastiki umbo) yanasomeka.

1. Kausha shiti. Kama ni plastiki aina ya ABS, nyuzi 80 masaa kadhaa, ya polikaboneti kama 120. Ukiruka hapa utaona vipovu vimejaa kama ngozi iliyoungua, hiyo shiti ndo basi tena.

2. Ibane kwenye fremu pande zote, pasha moto. ABS inataka kama 150 hadi 180. Saa isikudanganye, angalia shiti yenyewe: kwanza inafanya mawimbi, halafu inanyooka, halafu inaanza kubonyea katikati. Ikianza tu kubonyea, twende.

3. Moldi ya shimo chini, boksi la presha (la kuishikilia hewa ya kompresa juu ya shiti) juu, funga komeo zote, vakyumu kwanza kisha fungulia hewa. Sasa hapa msikilize: shiti ya sm 60 kwa 50 ikipigwa bar 4 hiyo ni nguvu ya kama tani 12, zote zinataka kulifungua hilo boksi. Moldi iwe ya alumini, na vitundu vya kutolea hewa viwe vidogo, nusu milimita hivi. Mimi mara ya kwanza nilitoboa kwa drili ya milimita 2 nikijua natoa hewa haraka, kila kipande kikatoka na chunusi, plastiki ilisukumwa mpaka ndani ya tundu 😂

4. Ipoe presha ikiwa bado imeshikilia. Toa hewa yote, geji isome sifuri, ndo ufungue. Mabaki ya pembeni kata na ruta (mashine ya kukatia kingo).

MASWALI

– Mkuu kona zangu za chini zinakuwa nyembamba mpaka mwanga unapita, niongeze presha?
Hapana, presha haiongezi plastiki. Inayogusa moldi kwanza inaganda palepale, ya kona inafika mwisho ikiwa imeshavutika sana. Tumia plagi, yaani kizibo cha kuisukuma shiti chini kabla ya hewa, au kona zako zifanye za mviringo kidogo.

– Hewa ya kompresa si ya baridi, haipozi shiti?
Swali zuri. Inapoza, tena ikipiga sehemu moja inaacha alama. Weka bati la kuitawanya mbele ya tundu la kuingilia, wengine wanaipasha kabisa.

– Kwa nini nisifanye injeksheni tu (kuingiza plastiki iliyoyeyushwa ndani ya moldi)?
Kama unataka maelfu kwa maelfu, fanya. Kwa mia mbili tatu moldi ya upande mmoja inakutosha, ila ujue upande wa ndani hautakuwa na urembo.

– Boksi la presha naweza kuunga kwa plaiwudi?
Soma tena namba 3 ndugu yangu. Tani 12.