Lamu mpaka Shela kwa miguu: angalia maji kwanza

Watu wengi wakifika Lamu wanaingia boti moja kwa moja kwenda kijiji cha Shela, na mimi naona wanakosa kitu kizuri sana maana ni kilomita 3 tu hivi, dakika 40 au 50 kwa mwendo wa kawaida, na unapita na bahari mkono wako wa kushoto njia nzima.

Kitu cha kwanza kabisa ni maji, kabla ya kofia kabla ya kila kitu. Maji yakijaa bahari inakuja mpaka kwenye kuta, haswa ukikaribia Shela, na hapo utalowa. Mimi yalinikuta siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nimebeba mkoba wa mamangu kichwani maji magotini, mpaka mzee mmoja aliyekaa barazani akaniita, "mwanangu keti, mai yatapwa," yaani maji yatashuka. Nikakaa. Tangu siku hiyo nahesabu mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanajaa saa kumi saa kumi na moja hivi na yanakupwa saa nne au saa tano, kwa hiyo asubuhi ya saa tatu na nusu ni njia safi kabisa. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kama hujui kuhesabu muulize nahodha yeyote pale gatini, atakwambia bila kufikiria.

Anzia uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Ingia ndani kwanza kama una muda, ilianza kujengwa 1813 ikaisha 1821, na baadaye ikawa jela mpaka 1984. Kunywa maji ya ukwaju, beba na maji ya kawaida, njiani kivuli ni kidogo sana. Alafu shuka pwani, geuka kulia, pita mtaa wa Langoni, uwapishe punda wenye mizigo ya matofali na mchanga, wao hawasimami. Nyumba zikipungua utaona mikoko ya kisiwa cha Manda ng'ambo ya mlango wa bahari.

Hapo angalia kuta kwa karibu. Kuna mstari, chini yake jiwe ni jeusi lina ukijani na linateleza, juu yake ni kavu jeupe. Weka mkono. Huo ndio urefu maji yanapofika, na ukiona mawimbi yameshagusa chini ya ukuta usilazimishe, uliza njia ya ndani inayopita kwenye mchanga au rudi upande boti. Viatu viwe vya kushika, ndala zinateleza.

Na haya maji ndio yaliyoamua historia ya hapa. Miaka ya 1810 watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishuka Shela kuja kuichukua Lamu, wakapigwa, wakakimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa majahazi yamelala mchangani. Wengi walifia pale pale. Baada ya hapo watu wa Lamu wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Mimi nikipita hapo nasimama kidogo, naona si vizuri kupita tu.

Ukifika Shela utauona mnara wa msikiti wa Ijumaa, mweupe umechongoka juu, wa 1829. Huu ni mji wa watu, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, usipige watu picha bila kuomba. Vilima vya mchanga nyuma ya Shela usivichezee wala kutupa taka, mvua inachujwa mle na visima vya Lamu vinategemea maji hayo.

Kurudi, usitembee peke yako giza likishaingia. Panda boti, mpatane bei kabla hujaweka mguu ndani, na kama maji yamekupwa kunja suruali kabisa maana boti itakungojea mbali kidogo.