Gasketi ya hedi inaungua tena na tena kwenye injini ya tabo: namna ya kumpata mchawi

Gari la tabo likifika gereji na gasketi ya tatu imeungua, swali la kwanza la mwenye gari huwa: "Fundi, orijino nitaipata wapi?" Swali lina haki yake, maana pale Gerezani, Kariakoo, gasketi za injini moja hukaa kaunta moja kwa bei zilizopishana mbali sana. Lakini gasketi ya hedi, ule utandu unaoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wenye silinda), ni adimu kutoka kiwandani mbovu kuliko tunavyolalamika. Inauawa na joto, au mgandamizo uliozidi ndani ya silinda, au nyuso za hedi na bloku zisizokutana sawasawa. Kazi yako ni kujua ni kipi kabla pesa nyingine haijatoka.

Mifano yangu ni injini mbili tunazokutana nazo sana Dar: 1KZ-TE ya dizeli ya Prado na Surf, na EJ20 ya petroli ya Forester na Impreza zenye tabo.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washa na ushike hosi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ndani ya dakika chache, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kama una kile kifaa chenye dawa ya bluu cha kunasa gesi ya silinda, vuta hewa ya juu ya maji ya rejeta ipite ndani yake. Dawa ikielekea njano, jibu umelipata. Kumbuka tu kwamba hedi ya 1KZ yenye ufa hutoa dalili hizihizi.

Hatua ya 2: Isome gasketi iliyotoka

Acha injini ipoe kabisa. Legeza bolti kuanzia za nje kuja katikati, kidogo kidogo kwa awamu. Ukifungua hedi ikiwa ya moto unaweza kuipinda mwenyewe, halafu lawama zikamwendea muuza spea. Gasketi ikitoka, andika namba za silinda na upande wa mbele kwa maka, kisha itoe juani uitazame vizuri.

Kama imekatika kwenye kile kipande chembamba kati ya silinda mbili, shuku kwanza gari lilichemsha na hedi ikapinda. Kama pete ya chuma inayozunguka silinda imesukumwa nje bila dalili ya kuungua kwingine, shuku mgandamizo. Hapo kagua vichwa vya pistoni na plagi: vitobo vidogo vidogo ukingoni mwa pistoni, au vidoadoa vya aluminiamu kwenye plagi, ni alama kwamba injini imekuwa ikigonga, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda. Matundu ya maji yakiwa yameliwa na kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji ya kisima bila kulanti (dawa ya rejeta). Pistoni moja ikiwa safi imeoshwa huku wenzake weusi, maji yalikuwa yakiingia silinda hiyo.

Na kama ni silinda ileile kila mara, acha kufikiria gasketi. Hapo pana ufa au uso umezama.

Hatua ya 3: Joto

Nianze na dhambi ya mji huu: kung'oa thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto. "Dar kuna joto, hiyo haina kazi." Thamostati nyingi za Toyota zina sahani ya pili kwa chini. Injini ikipata moto, sahani hiyo huziba njia ya mkato ili maji yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoozwa. Mjini unaweza usione kitu. Pakia mzigo, panda mlima Kitonga, ndipo utaona. Nunua thamostati, itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kama inaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mfano nyuzi 82.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa. Wa presha ya baa 0.9 ukiwa mzima, maji matupu huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukichoka, akiba yote hiyo imepotea. Weka wenye namba ileile iliyotakiwa na kiwanda.

Feni ya klachi ya 1KZ ijaribu hivi: injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume kwa mkono, ikizunguka yenyewe mizunguko mingi, imekufa. Na usiiamini sana geji ya dashibodi. Nyingi za magari ya Japani zimepangwa zitulie katikati hata joto likipanda kiasi, na maji yakiisha kabisa sensa haina cha kupima. Funga geji ya pembeni.

Hatua ya 4: Mgandamizo wa tabo

Unganisha geji ya tabo kwenye hosi ya manifoldi, endesha na mzigo, linganisha na namba ya kitabu cha injini hiyo. Ikizidi, anza na kahosi kadogo kanakokwenda kwenye westigeti, mlango unaopunguza nguvu ya tabo: kakipasuka au kakichomoka, tabo haina wa kuizuia. Kisha uliza kwa upole kama kuna mtu "aliifungua" gari hiyo, yaani aliiongezea tabo.

Magari ya tabo ya petroli yaliyouzwa Japani mengi yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango cha huko kinataka isipungue oktani 96. Ukiongeza tabo kwa petroli hafifu, au pampu ya mafuta ikiwa dhaifu, injini itagonga na gasketi italipa. Kwenye dizeli, mafuta yakizidi hewa, joto la ekzosi hupanda na hedi ya 1KZ hupasuka kati ya vali.

Hatua ya 5: Hedi na bloku

Hedi ipimwe ufa kwa presha ndani ya maji ya moto kwanza, ndipo ipigwe fesi (uso wake usawazishwe mashineni). Kisha chukua rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), upime urefu, upana na pembe kwa pembe. Injini nyingi huruhusu kati ya milimita 0.05 na 0.10 tu. Bloku ipimwe vilevile! Wengi hupeleka hedi mashineni, bloku wanaipitishia grainda yenye msasa, ambayo huacha mabonde na kumwaga mchanga unaokwenda kula beringi. Gasketi ya tabaka za chuma haivumilii uso wa namna hiyo.

Dizeli ina jambo la ziada: pima pistoni zinavyotokeza juu ya bloku, uchague unene wa gasketi kwa kipimo hicho. Unene huonyeshwa na mikato ya pembeni mwa gasketi.

Hatua ya 6: Kufunga

Bolti zilizotakiwa kutumika mara moja, nunua mpya. Kausha matundu yake kwa kompresa; oili ikibaki chini, spana itakuonyesha umefika kumbe bolti haijabana, na bloku inaweza kupasuka. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati, kwa awamu na nyuzi za kuzungusha zilizo kwenye kitabu. EJ nyingi hutaka ukaze, ulegeze, kisha ukaze upya. Silikoni usipake.

Hatua ya 7: Majaribio

Jaza mchanganyiko wa kulanti, toa hewa. EJ ya tabo ijazwe kupitia kitanki cha juu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa. Kisha ingia foleni ya Barabara ya Mandela mchana, AC ikiwa imewashwa, macho kwenye geji yako. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie maji, kisha rudia jaribio la hosi. Ikiwa ngumu tena, usinunue gasketi nyingine: bloku iende kupimwa ufa.