Umeletewa chakula usichokijua hoteli ya Kisumu? Fanya hivi

Hii kitu hutokea sana huku Kisumu, mtu ametoka Mombasa ama Nairobi, anaingia hoteli anaona ukutani wameandika aliya, obambla, osuga, mgongo wazi, anaogopa kuuliza basi anaitisha tu ile iko na bei poa. Sahani ikifika anashangaa.

Kwanza usiguse. Ukishamega ugali ukachovya hiyo ni yako, haiwezi kurudi jikoni. Kama bado, muite aliyekuhudumia pole pole, "sista samahani, hii niliitisha bila kuijua, naeza badilisha?" Saa ya lanchi sahani ya mboga ama omena (dagaa) inapata mwenyewe haraka so mara mingi watakubali. Samaki ya weti frai ni ngumu, hiyo imepikiwa wewe na nyanya na vitunguu, lipa tu ama uombe wakufungie ubebe. Na tafadhali usikunje uso, meza ya pili kuna mzee anakula hiyo hiyo na ndio chakula amelelewa nayo.

Lakini kabla urudishe uliza inaliwa aje, juu hapa ndio wengi wanapoteza chakula kizuri. Chukua mrenda, ile mboga ya majani Wajaluo wanaita apoth. Inavutika, imepikwa na magadi ndio ikawa laini hivyo, na ukiingia na kijiko utahangaika. Mega tonge la ugali, libonyeze na kidole gumba liwe na kashimo, chota, alafu zungusha mkono kidogo ule uzi ukatike ndio upeleke mdomoni. Tonge la pili utakuwa umeshazoea.

Mgongo wazi nayo mtu hudhani ni minofu, alafu analetewa kichwa na mifupa. Hujaibiwa. Ni samaki mbuta (Nile perch), minofu yake imetolewa kiwandani na mingi huuzwa nchi za nje, kinachobaki ndio kinakaangwa huku na bei inakuwa ya chini. Weka uma kando, kula na mikono yote miwili, anza na mashavu na ile nyama iko nyuma ya kichwa, ndio tamu kuliko zote, kisha uvunje mifupa ukifyonza bila haraka.

Osuga ni mboga ya majani, ni chungu kiasi, ndivyo ilivyo. Aliya ni nyama, obambla ni samaki, zote zilikaushwa kwa jua kabla zipikwe, so zikikaa ngumu na ladha nzito usidhani zimeharibika.

Kwa alaji, yaani mwili kukataa chakula fulani, sina mchezo. Huku Nyanza na Western mboga na samaki kavu zinaweza pikwa na njugu ya kusaga na kwa macho huwezi jua, so kama njugu ama samaki inakudhuru uliza kabla ya tonge la kwanza, na kama hakuna mtu ana uhakika, acha, hata kama utalipa. Dini yako ikikataa kitu pia ni hivyo hivyo, usione haya.

Siku ingine omba uonyeshwe sufuria kabla uitishe, hoteli ndogo hawakatai. Na ukienda Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, unachagua samaki mwenyewe ikiwa mbichi, hapo patana bei kwanza, sema ni ngege (tilapia) ama mbuta, ya kukaanga kavu ama ya supu, ndio ukae chini ungoje.