Kabla ya Kupeleka Mkojo Kupimwa Metali Nzito

Fundi wa betri za magari pale Unga Limited, Arusha, anayeyeyusha risasi juu ya jiko la mkaa huku moshi ukimpanda usoni, hana sababu ya kuanza na kikopo cha mkojo, kwa kuwa risasi hupimwa kwa uhakika zaidi kwenye damu. Ndiyo maana ni lazima ijulikane kwanza ni metali gani inayotafutwa. Mkojo unafaa kwa aseniki, kwa kadimiamu, na kwa zebaki ya mvuke wa wachenjuaji dhahabu au ya mkorogo wa kung'arisha ngozi; zebaki ya kwenye samaki hutafutwa katika damu au nywele.

Naomba aibu iwekwe kando hapa. Dada aliyejipaka mkorogo aende na kopo lenyewe, hata kama maandishi yamefutika, na mama mjamzito anayetafuna udongo wa pemba alioununua sokoni aseme wazi, kwani udongo huo umewahi kukutwa na risasi na aseniki. Mvutaji sigara naye aseme, maana tumbaku ina kadimiamu.

Chakula ndicho huvuruga majibu ya aseniki. Pweza, kamba na samaki wa baharini wana aina ya aseniki isiyo na sumu kubwa, lakini kipimo cha jumla huihesabu pamoja na ile hatari. Kwa hiyo aliyerudi Moshi kutoka Tanga na kapu la samaki wa kukaanga asubiri angalau siku 4 tangu alipowala mara ya mwisho, au aombe maabara itenganishe aina hizo. Muda huohuo usubiriwe baada ya kuchomwa dawa ya picha za CT au MRI. Asisubiri mno, hata hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya aseniki hutoka mwilini ndani ya siku chache, ilhali zebaki hupungua kwa nusu katika takriban miezi 2.

Kopo litoke maabara, wala si chupa ya maji iliyosuuzwa. Mkojo usichukuliwe karakana: mtu aoge, avue nguo za kazi na anawe mikono, kwani vumbi kidogo tu likidondokea ndani hupandisha majibu. Ukiagizwa mkojo wa saa 24, ule wa kwanza wa asubuhi mwaga chooni na uandike saa, kisha kila unaofuata, hata wa usiku wa manane, uingie kopo hadi saa ileile ya kesho yake, na ukikosa hata mmoja mweleze mpimaji. Kwa mkojo wa mara moja, omba kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayoonyesha mkojo umezimuliwa kiasi gani, ipimwe pamoja, ili maji mengi uliyokunywa yasifiche metali.

Yeyote atakayekupa dawa ya "kuvuta sumu" kabla ya kipimo, mkatalie. Dawa hizo huongeza metali katika mkojo wa mtu yeyote, mzima au mgonjwa, na viwango vya kulinganishia vilipatikana kwa watu ambao hawakuzitumia.