Somo: Kuomba leseni ya video za kale na muziki kwa dokumentari yako

Nimeona filamu nzuri zikifungiwa kabatini kwa sababu ya karatasi tu. Anza kazi hii siku unayoanza kuhariri.

Hatua ya 1. Fungua daftari la vipande. Kila kisicho chako kipate mstari wake: "Meli bandarini, 1958, 00:14:22 hadi 00:14:31, sekunde 9, mwenye haki: bado." Hilo "bado" lisikutoke machoni.

Hatua ya 2. Mtafute mwenye haki hasa. Aliyepakia video YouTube huenda hana haki yoyote, na hata hifadhi ya kumbukumbu (taasisi inayotunza filamu na picha za kale) inaweza kumiliki kanda bila kumiliki hakimiliki. Uliza waziwazi. Kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani, walizofanya wakiwa kazini, hazina hakimiliki nchini humo, kwa hiyo National Archives, hifadhi yao ya taifa ya kumbukumbu, ni pazuri pa kuanzia. Ila muziki uliomo ndani ya kipande unaweza kuwa wa mtu mwingine.

Hatua ya 3. Omba bei kwa masharti kamili: nchi zipi, njia zipi (tamasha, runinga, intaneti), kwa muda gani. Hifadhi nyingi hutoza kwa sekunde au dakika na huweka kiwango cha chini, basi sekunde 4 unaweza kuzilipia kama 30.

Muda ndio unaoumiza watu. Eyes on the Prize, mfululizo wa harakati za haki za raia Marekani ulioanza kurushwa 1987, ulikaa miaka mingi bila kurushwa kwa kuwa leseni zake ziliisha. Ulirudi runingani 2006, leseni ziliponunuliwa upya. Kama pesa ni kidogo, chukua leseni ya matamasha, lakini bei ya leseni kamili iandikwe kwenye mkataba huohuo. Ukingoja filamu ipate mnunuzi, bei utapangiwa.

Hatua ya 4. Wimbo una haki mbili: utunzi, ambao huwa kwa mtunzi au mchapishaji wake, na rekodi, ambayo mara nyingi ni ya kampuni iliyoitoa. Mmoja akikataa, huna wimbo. Tena wengi hudai asilipwe yeyote pesa nyingi kuliko wao. Ukimwongeza mmoja, umewaongeza wote.

Hatua ya 5. Hariri kwa nakala ya majaribio, yenye nembo ya hifadhi juu ya picha. Filamu ikishafungwa, yaani uhariri umekwisha, saini, lipa, chukua nakala safi.

Maswali ya wanachama

*Wimbo wa zaidi ya miaka 100 ni bure?*
Utunzi huenda ukawa huru. Rekodi ihesabie peke yake. Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru tarehe 1 Januari 2022.

*Ni kweli sekunde 7 haziombewi ruhusa?*
Si kweli, ndugu yangu. Sheria ya Marekani ya "fair use", inayoruhusu wakati mwingine kutumia kazi ya mtu bila ruhusa, haina hesabu ya sekunde. Hutazama, pamoja na mengine, unakitumiaje kipande: kukichambua ni tofauti na kukipambia filamu.

*Redio ilikuwa inapiga wimbo nyuma ya mahojiano. Inahesabika?*
Wimbo ukisikika na kutambulika, uombee leseni au pata ushauri wa mwanasheria. Mimi nilikata jibu bora la shahidi wangu kwa sababu hiyo. Sauti yake na wimbo hazikutengana. Siku hizi naomba redio izimwe kabla sijafungua begi la kamera.