Kabla hujalipia trekta dogo la shamba la korosho
Wakulima wenzangu wa Newala na Tandahimba, ukienda kutazama trekta dogo usiishie kwenye hospawa. Uliza pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kunyanyulia vifaa, inatoa lita ngapi kwa dakika, halafu uliza ni lita ngapi zinazobaki kwa ajili ya vifaa. Wauzaji wengine hujumlisha na mafuta ya usukani, namba ikaonekana kubwa, kumbe bakuli la mbele la kuchotea na kubebea mizigo litanyanyuka kwa kujivuta.

Uzito wa kunyanyua nyuma nao una vipimo viwili: kwenye ncha za mikono ya nyuma inayoshika kifaa, na sentimita 61 nyuma ya ncha. Amini hicho cha pili, maana uzito wa kifaa hukaa huko.

Ila kama kazi yako ni kufyeka tu chini ya mikorosho, haidroliki ya ziada ya nini? Mashine ya kufyekea huzungushwa na shafti ya PTO, inayotoa nguvu ya injini kupeleka kwenye kifaa, kwa kawaida mizunguko 540 kwa dakika. Hela hiyo bora ununulie matairi mazuri.

Na tafadhali, viungio vya mipira ya haidroliki viwe na vifuniko, na uvifute kabla ya kuchomeka. Mchanga wetu ukiingia kwenye mafuta, unasaga pampu.