Kususia kampuni ya teknolojia: wapi pa kubana

Kabla hujafuta chochote, chunguza kampuni inakula wapi. Ya usafiri wa mtandaoni inakula nauli yako, kwa hiyo inaumia siku ileile unapoondoka. Ya mitandao ya kijamii inakula matangazo, na ukiondoka peke yako hakuna anayeshtuka. Julai 2020 kampuni zaidi ya 1,000 zilisimamisha matangazo yao Facebook. Robo hiyohiyo ya mwaka, Julai hadi Septemba, mapato ya Facebook yalifika dola bilioni 21.5, juu kwa 22% kuliko mwaka uliotangulia. Wengi wanaotangaza pale ni wafanyabiashara wadogo, na wengi wao hawakugoma.

Kisha tazama mlango wa kutokea. Mwishoni mwa Januari 2017, Wamarekani walipoikasirikia Uber kwa kuendelea kubeba abiria wa uwanja wa JFK wakati madereva wa teksi wa New York wamegoma kupinga amri ya Rais Trump ya kuzuia wasafiri, mshindani wake Lyft alikuwapo tayari. Kwa siku chache akaunti zaidi ya 200,000 zilifutwa, na Februari 2 bosi wa Uber, Travis Kalanick, akajitoa katika baraza la ushauri la Rais Trump. Novemba mwaka huohuo muungano wa upinzani wa NASA nchini Kenya uliwataka wafuasi wake waihame Safaricom. Huko mlango ulikuwa mwembamba, maana laini ile ndiyo iliyobeba M-Pesa, na ndani ya M-Pesa kuna karo, michango ya chama na malipo ya dukani. Anayenunua laini ya pili na kuiacha ya kwanza ikiendelea kupokea pesa hajasusia kitu.

Dai liwe moja, lililo ndani ya uwezo wa kampuni, na liwe na tarehe. Desemba 2011 wenye tovuti walitangaza kuhamisha majina yao ya tovuti kutoka GoDaddy, kampuni inayosajili majina hayo, ifikapo tarehe 29, kwa sababu iliunga mkono SOPA, muswada wa Marekani dhidi ya uharamia wa mtandaoni. Tarehe 23 GoDaddy ikaacha kuuunga mkono. Hasira isiyo na dai huambulia kidogo: mwaka 2021 watu walipoikasirikia WhatsApp kwa masharti mapya ya faragha na kukimbilia programu nyingine za ujumbe, Signal na Telegram, WhatsApp iliyasogeza masharti hayo kutoka Februari 8 hadi Mei 15, kisha ikayatumia vilevile.

Ukishaamua, hamisha watu kwanza, akaunti baadaye. Fungua grupu jipya kwingine, anza na wale wanaoongea sana, na uyaache yote mawili wazi wiki mbili. Katika grupu la zamani mteue admini mwingine. Ukiwa admini pekee ukaondoka, WhatsApp itamteua yeyote. Toa nakala ya mazungumzo muhimu, ukijua kwamba faili hilo ni la kusoma tu, halirudishwi ndani ya Signal.

Kufuta programu kwenye simu si kufuta akaunti. Wanaokutumia ujumbe wataona tiki moja tu na kudhani huna bando, huku wewe ukiendelea kuhesabiwa. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, ufute humo. Facebook hukupa siku 30 za kughairi, na ukiingia ndani ya siku hizo ufutaji unaweza kukatishwa, kwa hiyo toka kwanza kwenye vifaa vyote, pamoja na ile tableti ya watoto. Badilisha pia tovuti ulizozoea kuingia kwa akaunti ya Facebook, la sivyo utafungiwa nje. Kukimbilia Instagram ni kuhama chumba katika nyumba ileile ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp.

Huduma unayoilipia kila mwezi kupitia Play Store au App Store, isitishe humohumo. Programu ikifutwa bila hivyo, makato yanaendelea. Ukiulizwa sababu ya kuondoka, usiruke: andika dai na sharti la kurudi kwako.

Kuhama mtandao wa simu na namba yako kunawezekana Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017. Kwanza lipa madeni ya laini, toa pesa zote na umalize salio, kwa kuwa vitu hivyo havihami na namba.

Simu uliyokwisha kuinunua usiitupe. Pesa yako imeshaingia. Kuitupa hakuipunguzii kampuni hata senti. Ibadilishe betri, itumie hadi ichoke, na inayofuata nunua ya mtumba au ya kampuni nyingine.